Trekta Kuukuu: Kuitengeneza, ama Kuiuza Vipande?

Wakulima wa Mboko, na ninyi wote mkaao kando ya ziwa tangu Makobola hata Baraka, maneno haya ni kwa kijiji chenye trekta iliyolala. Mwaijua. Imesimama nyuma ya nyumba ya shirika, ama chini ya mwembe. Majani yameota kati ya magurudumu, kuku hutaga juu ya kiti, watoto hucheza udereva. Watu wazima wamekwisha kuizoea kama jiwe.

Kisha siku moja anakuja mnunuzi. Mara nyingi anatoka njia ya machimbo. Kule Misisi na mahali pengine pa dhahabu wanatafuta injini za kuvutia maji mashimoni na za kuzungushia vinu vya kusagia mawe; wanatafuta pia batri, pampu na mabomba. Mnunuzi huyu anatoa fedha mkononi. Anasema, "Nipeni injini tu, hayo mengine yabaki kwenu." Na kijiji kinakubali, maana fedha ya leo ni tamu, na trekta imenyamaza siku nyingi.

Fahamuni jambo hili kabla ya mengine. Trekta iliyokufa lakini ikiwa nzima ina bei mbili: bei yake kwa mtu atakaye kuitengeneza, na bei yake kwa mtu atakaye vipande. Trekta iliyokwisha kuondolewa injini, ama pampu, ama magurudumu ya nyuma, imepoteza bei ya kwanza yote, na ya pili imepoteza sehemu iliyo bora. Kwa hiyo shauri lote likatwe kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa. Nati ikiisha kufunguliwa, si ninyi tena mnaokata shauri, ni mnunuzi.

Nilikiona kijiji kimoja, sitakitaja, kilichouza kwanza magurudumu mawili ya nyuma. Fedha ile ikaenda katika deni la mazishi na katika chumvi. Mwaka uliofuata wakauza pampu ya mafuta. Ndipo akaja fundi mgeni kumtazama shemeji yake, akaizungusha injini kwa mkono, ikazunguka bila taabu. Haikuwa na ugonjwa mkubwa tangu mwanzo. Ilisimama kwa sababu ya hewa ndani ya mabomba ya mazutu na batri mbovu. Wakaanza kutafuta magurudumu. Bei ya kununua mawili ilikuwa mara nne ya ile waliyopokea. Trekta ile bado iko juu ya mawe.

Sasa tuanze na jambo ambalo watu hupenda kuliruka: ni ya nani? Vita ya mwaka 1996 na ile ya 1998 ziliwafukuza watu wengi wa Fizi. Wengi walivuka ziwa wakakaa Nyarugusu, upande wa Tanzania, na wengine wako huko hata leo. Basi trekta ya shirika la zamani ina wenyewe waliopo na wenyewe wasiopo. Iteni mkutano, mwandike majina ya washiriki na ya warithi wao, mchifu wa kijiji awepo, na mwandiko ubaki kwa watu wawili tofauti. Kama trekta ilitolewa na serikali ama na shirika la misaada, ulizeni kwanza kama ilitolewa kwenu kabisa, ama mlipewa kuitumia tu. Mtu akiuza kipande cha kitu kisicho chake, siku trekta itakapowaka ndipo wenyewe watakapotokea.

Majina ya vyombo vya trekta nayo huleta matata. Hata trekta yenyewe, wengine kwetu huiita trakteri. Fundi wa Uvira anasema kwa maneno ya Kifaransa, fundi wa Kigoma kwa maneno ya Kiingereza, na mkulima aliye katikati hununua kitu kisichofaa. Nitaandika yote mawili pale panapohitajika.

Someni kibao cha trekta kabla ya kugusa kitu. Kwa kawaida kiko karibu na usukani ama ubavuni mwa injini. Andikeni jina la kiwanda, namba ya aina na namba ya injini. Hilo ni kazi ya saa moja na kitambaa chenye mazutu, nalo lafaa kuliko maneno ya watu kumi.

Sasa tazameni kama injini inazunguka ama imeganda. Hapa ndipo watu huharibu. Msiivute kwa gari, wala msiisukume kwa nguvu ya watu wengi ikiwa ndani ya gia ili iwake. Kama kutu imeshika pistoni, mkivuta mnapinda ama mnavunja kitu ambacho kingeweza kupona. Fanyeni hivi. Toeni nozeli, ambazo kwa Kifaransa huitwa enjekteri. Mimineni ndani ya kila silinda kikombe kidogo cha mazutu iliyochanganywa na oili. Acheni siku tatu, hata juma zima. Kisha wekeni gia iwe huru, shikeni nati ya mbele ya krenki kwa spana ndefu, mzungushe polepole, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikisogea upana wa kidole tu, kuna tumaini. Mimineni tena, rudieni kesho. Isiposogea baada ya majuma mawili, lazima fundi afungue kifuniko cha silinda, yaani kulasi, atazame kwa macho.

Je, kutu iliingiaje? Mara nyingi kwa bomba la moshi. Bomba limesimama wima kama mtu anayetazama juu, mvua inaingia, inashuka hata katika silinda. Kopo la nyanya lililofunikwa juu ya bomba lingeiokoa injini. Kama trekta yenu ingali chini ya mwembe, wekeni kopo leo, hata kama hamjakata shauri lolote.

Baada ya hayo, oili. Chomoeni kijiti cha kupimia, mtazame rangi. Oili nyeusi ni uzee tu. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Fungueni polepole kizibo cha chini cha injini, chombo kikiwa tayari; maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia kutoka. Yakiwa machache, huenda ni mvua. Yakiwa mengi, jazeni radieta maji, mtie alama, mkaitazame tena asubuhi. Yakipungua na hakuna tone chini, maji yanapita ndani: ama gasketi ya kulasi imeungua, ambayo ni kitu cha bei ndogo, ama kulasi au bloku imepasuka, na hiyo ni habari nyingine. Zungukeni pia injini kwa mkono na tochi. Mkikuta tundu ubavuni mwa bloku, chuma kimetoboka kutoka ndani, injini hiyo imekwisha. Msiwasikilize wanaosema itaungwa kwa moto.

Sehemu ya nyuma, penye gia, watu huisahau kwa kuwa haipigi kelele. Katika trekta za namna ya Ferguson, oili ile moja inayolainisha gia ndiyo inayonyanyua jembe, na pampu ya kunyanyulia iko ndani humo humo. Mpira unaozunguka fimbo ya gia ukipasuka, mvua huingia hapo mwaka baada ya mwaka. Mwageni oili ile mkaipitishe katika kitambaa cheupe. Unga laini wa chuma ni kawaida ya umri. Lakini mkipata vipande vinavyoshikika kwa vidole, hayo ni meno ya gia, na gharama imepanda sana. Kama mikono ya kunyanyulia jembe ni mizima ama mibovu hamtajua hakika mpaka injini iwake. Basi msimwahidi mtu yeyote kumlimia kabla ya hapo.

Batri, nyaya, taa, chujio, rangi, kiti: haya ndiyo watu huyatazama kwanza, nayo ndiyo madogo. Nimeona wazee wakiikataa trekta nzuri kwa sababu ya kutu ya bati la mbele. Bati halilimi. Mipira ya nyuma tu, ndiyo pinewu, ni jambo kubwa: bei yake ni nzito, na iliyopasukapasuka kwa jua hata kuonyesha nyuzi haitamaliza msimu.

Mkiisha kuona ugonjwa, ulizeni dawa iko wapi. Trekta yenye ugonjwa mkubwa na vipuri karibu ni afadhali kuliko yenye ugonjwa mdogo na vipuri visivyotengenezwa tena. Tuchukue Massey Ferguson 135, ambayo huonekana sana katika nchi zetu. Ilianza kutengenezwa mwaka 1964 huko Coventry, Uingereza, hata mwaka 1975. Nyingi zina injini ya Perkins ya silinda 3, nguvu ya farasi karibu 45. Ni ya zamani, lakini haikuachwa yatima. Kiwanda cha TAFE cha India na kiwanda cha Millat cha Pakistan vilipewa ruhusa kutengeneza trekta za ukoo huo, na IMT ya Belgrade ilitengeneza ndugu zake, kwa hiyo pistoni, gasketi, klachi na vyuma vingi vinapatikana mpaka leo. Vingi hufaa, si vyote. Chukueni kipande cha zamani mkononi mkiende nacho dukani, mkalinganishe meno kwa meno, tundu kwa tundu. Lakini kama kibao chasema Fordson Major, ya kiwanda cha Dagenham kilichoacha kuitengeneza mwaka 1964, kazi ya kutafuta ni ndefu zaidi, na mara nyingi mtapata kipande kilichotoka katika trekta nyingine iliyokufa.

Na fundi je? Mahali penye kiwanda hukaa mafundi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini ya Uvira, kilisimama mwaka 1996 kwa ajili ya vita, na kiwanda kikisimama, watu waliojua mashini hutawanyika. Tafuteni mtu aliyewahi kufungua trekta, si gari tu. Mwulizeni aandike orodha ya vipuri kabla ya kazi, bei kando ya kila kimoja. Fundi anayesema "tutaona mbele ya safari" atawaonyesha mbele ya safari.

Upande wa pili wa ziwa palitokea jambo hili hili kwa ukubwa wa ajabu. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga katika Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Urambo iko katika njia ya reli ya Kigoma, baadhi yenu mmeipita. Vita kuu ilikuwa imekwisha miaka miwili tu nyuma, trekta mpya hazikutosha. Basi wakanunua kuukuu za jeshi, nyingine zikatoka mbali huko Ufilipino. Hata vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta, vikaitwa Shervick. Walikuwa na fedha, meli na reli. Lakini vipuri havikulingana na mashini, mafundi walikuwa wachache, na udongo wa Kongwa ukikauka ni mgumu kama tofali. Kabla mwaka ule haujaisha, trekta nyingi zilikuwa zimesimama. Mpango uliachwa mwaka 1951, na hasara yake ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Wale walinunua chuma kingi kwanza, wakauliza habari ya vipuri baadaye.

Sasa hesabu. Msiogope, ni ya darasa la nne.

Trekta ya nguvu ya farasi 45, yenye plau ya visahani 3, hukata upana wa senti 80 za meta hivi. Ikienda kilometa 5 kwa saa, ukiondoa muda wa kugeuka na kusimama, italima karibu robo ya hekta kwa saa, yaani hekta 2 kwa siku ya kazi. Kulima hekta moja hula mazutu lita 15 hata 25, kwa kadiri ya udongo.

Tuseme mnunuzi anawapa dola 1,200 kwa trekta yote. Tuseme orodha ya fundi ni dola 2,600. Je, kuitengeneza kunawagharimu 2,600? Hapana. Ni 3,800, maana zile 1,200 mmezikataa, nazo ni zenu. Watu wengi husahau hapa. Tena tuseme kulima hekta moja mnalipwa dola 60, na mazutu, dereva, oili na akiba ya matengenezo vinakula 40. Inabaki 20. Gawanyeni 3,800 kwa 20: lazima mlime hekta 190 ndipo mrudi mahali mlipoanza. Mkipata hekta 50 kwa mwaka, katika misimu miwili, ule wa Septemba na ule wa Februari, ni karibu miaka 4. Mkipata hekta 15 tu, ni zaidi ya miaka 12, na trekta haitawangoja hivyo. Namba hizi ni zangu za mfano. Toeni zangu, mtie zenu.

Kwa hiyo pimeni ardhi. Kwetu Mboko uwanda kati ya ziwa na milima ni mwembamba. Mashamba ya muhogo yaliyo mlimani si ya trekta: itapinduka na kumwua dereva, na mkipanda bila kupinduka, mvua itafuata mistari ya plau na kuchukua udongo. Huko jembe la mkono ndilo lenyewe. Hesabuni hekta zilizo tambarare tu, zisizo na michikichi wala visiki, ambazo wenyewe wametamka mbele ya watu kwamba watalipa. Hekta za mdomo msizihesabu. Mkikuta ni chache, patana na vijiji jirani kabla ya kutengeneza, ama fikirini trela. Trekta yenye trela hubeba muhogo, mawese na tofali hata siku zisizo za kulima, na mahali penye uwanda mwembamba naona trela yaweza kuleta fedha kuliko plau, ikiwa barabara inapitika.

Kuna njia ya tatu, nayo mimi naipenda kuliko zote mbili. Kama kijiji cha pili kina trekta ya namba ile ile, moja imevunjika gia na nyingine imepasuka bloku, mbili hizo zinaweza kuzaa moja. Andikianeni hisa: nani ametoa nini, na nani atalima siku ngapi. Maiti ya ile ya pili ihifadhiwe. Itakuwa duka lenu la vipuri kwa miaka mingi, bila safari ya Uvira.

Lakini bloku ikiwa na tundu, meno ya gia yakiwa yamevunjika, na ardhi ikiwa ndogo, uzeni vipande, wala msione haya. Ila uzeni kama watu wanaojua. Msiuze kwa kilo kitu kinachoweza kuuzwa kwa jina. Mnunuzi wa chuma chakavu hupima pampu nzima ya mazutu kwa mizani ile ile ya chuma kibovu. Pelekeni kwanza habari kwa wenye trekta za namba hiyo, Uvira, Baraka na ng'ambo, kwamba inavunjwa. Ndio watakaolipa vizuri kwa pampu, kulasi, mikono ya kunyanyulia, ekseli na marimu ya magurudumu. Vya machimboni viende machimboni, navyo vina bei huko: injini nzima, batri, radieta. Chuma cha kilo kiwe cha mwisho kabisa.

Siku ya kuifungua, egemezeni trekta juu ya magogo mazito pande zote mbili, si juu ya jeki peke yake wala juu ya mawe, na mtu asilale chini yake kabla halijatikiswa na likakataa kutikisika. Msiunguze nati kwa moto karibu na tangi la mazutu. Oili kuukuu ichukuliwe katika madumu, isimwagwe karibu na kisima wala mtoni, maana mto wetu haufiki mbali kabla ya ziwa, na ziwa ndilo chakula chetu. Pampu na nozeli zizibwe matundu kwa vijiti safi na kitambaa. Chembe moja ya mchanga ikiingia, kipande kile hakifai tena. Nati na boliti za kila sehemu zitiwe katika kopo lake, na juu ya kopo liandikwe jina la sehemu. Kila kipande kiandikwe daftarini siku kilipotoka, siku kilipouzwa, kwa nani na kwa fedha gani, na daftari lisomwe mkutanoni kabla ya fedha kugawanywa.